Mshale Ambao Haukuachiwa

Mwalimu Recho alikuwa na desturi ya kuipa runinga mgongo. Kila jioni, akishamwogesha mumewe, akishamlisha uji na kumwegemeza kwenye mito, alikaa mkekani na madaftari ya darasa la nne akasahihisha, huku nyuma yake Laurean akitazama filamu zake. Zilikuwa za aina moja tu: wazungu waliokwenda kuwinda kwa upinde na mishale katika nchi za baridi, milimani kusiko na barabara wala nyumba. Kijana wao Onesmo, aliyekuwa Mwanza kikazi, ndiye aliyemfungia baba yake runinga yenye intaneti, na tangu hapo mzee hakutaka kingine. Mpira hakutaka. Taarifa ya habari hakutaka. Ukibadilisha, alipiga kitanda kwa mkono wake mzima mpaka urudishe.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu kiharusi kimpige, kikachukua upande wake wote wa kulia na karibu maneno yake yote. Kabla ya hapo alikuwa mpima ardhi, mtu wa miguu, aliyejua vichaka vya Kisarawe kutoka Masaki hadi Chole kuliko alivyojua mitaa ya Sofu alikojenga. Sasa mchana alikaa na jirani yao Saida, na Recho akitoka shule zamu ikawa yake hadi asubuhi. Hakuwa akilalamika. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Jumamosi moja ya mwezi wa mitihani alishindwa kuinuka mkekani. Madaftari yamekwisha, vyombo vinamsubiri, miguu imegoma. Akageuka, akaegemea ukuta, akatazama.

Mwanamume mwenye ndevu alikuwa anapanda mlima kwenye mvua. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya tatu hakuona kitu. Siku ya sita alikaa chini ya turubai akitafuna kitu kikavu, macho yamemwingia ndani.

"Huyu mtu hana kwao?" Recho aliuliza. "Kalipa nauli ya ndege aje kulala njaa?"

Laurean akacheka kwa pua.

Siku ya tisa mnyama akatokea kwenye ukungu: mfano wa kongoni, ila mkubwa kama fahali, pembe zimetawanyika kama matawi makavu. Akasogea, akasimama karibu kabisa, ubavu wazi. Yule mwanamume akavuta upinde, akaushikilia. Recho akainua mgongo ukutani. Mnyama akageuza shingo, na yule mtu, taratibu, akaulegeza upinde bila kuachia mshale. Mnyama akaenda zake.

"Hee! Mbona hakupiga? Siku tisa zote hizo?"

Hakutegemea jibu. Lakini Laurean alikuwa anahangaika na mdomo, jasho limemtoka. "Ma," alisema. "Ma... ja..." Siku nyingine Recho angembunia neno ili wamalize. Jioni hiyo hakuwa na nguvu hata za kubuni. Akangoja.

"Majani," akasema Laurean.

Recho akachukua rimoti, akarudisha nyuma. Kweli. Mbele ya kifua cha mnyama palikuwa na kijitawi chembamba chenye majani mawili matatu. Mshale ungekigusa ungekwenda upande, ukamjeruhi mnyama akafie mbali.

"Wewe umeyaonaje?"

Laurean akafumba jicho moja, akaweka ngumi ya kushoto mbele ya lile lililo wazi, kama mtu anayechungulia darubini ya kupimia. Ndipo Recho alipoelewa. Miaka ishirini na sita mtu huyu alichungulia darubini porini, na jani moja likikaa kati yake na ufito wa kupimia wa upande wa pili, kazi haikwenda mpaka likatwe.

"Mlikuwa mnafyeka mkuza, ile njia ya darubini," alisema.

"Fyeka," akasema Laurean, machozi yakimtoka. "Fa... Faraji."

Faraji wa Masaki alimshikia fito na panga kwa miaka kumi na minne. Tangu maradhi yaanze alifika mara moja tu, hospitali, akasimama mlangoni, akaondoka. Recho alikuwa na kinyongo naye. Hata hivyo kesho yake, baada ya ibada, alimpigia simu.

"Mwenzio anakutaja," alimwambia.

"Mimi niliogopa, mama Onesmo. Nilimwona bosi anataka kuniita na jina halitoki. Nikasema, nikienda tena namtesa."

"Jana limetoka."

Jumapili iliyofuata pikipiki ilisimama uani, Faraji akashuka, mvi zikichungulia chini ya kofia, na kiroba cha mihogo. Aliingia akaushika mkono wa Laurean, ule uliokufa, akakaa nao hivyo hivyo. Baadaye wakawasha filamu.

"Anakanyaga kwa kisigino," Faraji alikosoa. "Kwetu angeshakutana na nyoka. Na huyu anayempiga picha, bosi, mbona hatumwoni? Si naye anapanda mlima huo huo, tena na mzigo?"

Laurean akamnyooshea kidole Faraji, kwamba ndiye huyo, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama, nenda kalale," Faraji alisema.

"Saa nane anatakiwa kugeuzwa."

"Nitamgeuza. Huyu nilimvusha mto mgongoni akiwa na homa, leo nishindwe na kitanda?"

Recho aliingia chumba cha Onesmo, akajitupa na kanga yake vile vile. Alipozinduka jua lilikuwa linazama, na kwa muda hakujua ni siku gani. Sebuleni alisikia, "Ngoja, bosi. Bado. Ngoja." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kapata."

Alipotoka, mwindaji alikuwa amepiga magoti, kiganja juu ya shingo ya mnyama, uso ameuinamisha. Faraji alikuwa amevua kofia.

"Ameona haya," alisema. "Vizuri. Asiyeona haya hapo si mwindaji, ni mwuaji tu."

Laurean akatikisa kichwa kukubali.

Laurean hakupona. Maneno hayakuzidi saba, nane. Faraji alikuja Jumapili alizoweza, na masika yalipoharibu njia alikosa wiki tatu mfululizo. Wiki hizo Recho alitazama na mumewe peke yao, na mara nyingi hakufika siku ya nne ya safari. Usingizi ulimchukua ameketi, na Laurean akapunguza sauti ya runinga.