Bataruka Vendredi

Mume wangu Éliakim alifundisha sayansi miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote sijamwona akirudisha nyuma neno alilokwisha kulisema. Akisema leo ni jua, mvua ikinyesha atakwenda shambani bila mwavuli na atarudi amelowa akisema ni jua. Niliolewa na mkaidi, nikazoea.

Alipostaafu akaanza mambo ya ndege. Watu wamekata miti mikubwa yote kwa ajili ya makaa, alisema, na ndege waitwao kwezi hawana tena tundu la kutagia. Basi akatengeneza visanduku kumi na kimoja kwa mabaki ya mbao, kila kimoja na kitundu mbele na mlango mdogo ubavuni uliofungwa kwa waya. Akavitundika mitini kando ya njia inayotoka kwetu Beu, mtaa wa mji wa Beni, hadi shamba letu la kakao. Kila Jumatano tulipita tukifungua kimoja baada ya kingine, naye akiandika daftarini: mayai mangapi, vifaranga wangapi, wana siku ngapi.

Mwanzoni aliandika Kifaransa. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia, "Baba Christa, kama ni kazi yetu bote babili, andika na luga yenye naweza soma." Akaanza kuandika Kiswahili chetu cha nyumbani. Laiti ningefunga mdomo wangu.

Mvua za Agosti zilileta jozi saba za kwezi. Dume ana mgongo wa zambarau unaong'aa jua likimpiga, jike wake ni wa rangi ya udongo tu, na jike ndiye anayefanya kazi. Nilimwonyesha Éliakim jambo hilo mara nyingi. Lakini nyoka alimaliza sanduku namba tatu, siafu wakala namba tano, mvua ikaingia namba kumi. Kufikia mwisho wa Septemba wale waliotupa moyo walikuwa vifaranga watatu wa namba saba.

Kuna sheria moja katika kazi hii. Vifaranga wakishaota manyoya, sanduku halifunguliwi tena. Ukifungua wanashtuka, wanaruka nje kabla mabawa hayajakomaa, na huko chini kwenye majani hawamalizi siku. Éliakim aliishika sheria hiyo kuliko zile amri kumi, Mungu anisamehe. Wiki ile alikwenda namba saba mara mbili peke yake, akasema anaangalia kwa mbali tu. Jumatano tulikwenda wote, tukasimama mbali, naye akaandika: *Namba 7. Batoto batatu. Bataruka vendredi.* Yaani wataruka Ijumaa.

Tulipokuwa tunarudi, askari wa jeshi waliokuwa wameweka kizuizi njiani walifungua mfuko wake.

Luteni wao alikuwa mgeni, mtu wa Kilingala na Kifaransa. Askari mmoja aliyeokota Kiswahili kidogo hapa Beni ndiye aliyemsomea daftari. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, na alipofika namba saba akatafsiri: "*Ils vont sauter vendredi.*"

Kwetu kuruka ni kuruka, chura anaruka, ndege anaruka. Lakini kwa Kifaransa neno lile alilolichagua, *sauter*, ni la chura, na ni la bomu pia: ni kuruka, na ni kulipuka. Na sisi hapa tumekwisha kuzika watu waliouawa na mabomu yaliyofichwa na waasi. Niliona uso wa luteni ukibadilika, nikahisi mkojo unanibana kama mtoto. Masanduku kumi na moja yenye namba, kwenye njia ya mashamba, na siku ya Ijumaa.

Wakamfunga Éliakim mikono nyuma. Wakaturudisha hadi namba saba, askari wanane, wakajilaza kwenye majani hatua arobaini kutoka mti ule, bunduki zote zikiuelekea. Luteni akamwamuru Éliakim akafungue.

"Hapana," Éliakim akasema. "Iko na siku kumi na nane. Haifunguliwe."

"Anakataa, chef," yule askari mkalimani akamwambia mkubwa wake. Hayo tu; ya siku kumi na nane hakuyatafsiri.

"Kama ni ndege, anaogopa nini?" luteni akauliza kwa Kifaransa, na swali hilo hata mimi nililielewa. Kisha akanigeukia, na mkalimani akafuata. "Mama, fungua weye. Ukikatala, bwana yako hatafika ku bureau."

Maana yake watamwua palepale. Sikio halipiti kichwa. Nikaanza kutembea.

Nyuma yangu Éliakim akapiga kelele, "Mama Christa, usifungue!" Nikasikia akipigwa kitu, akanyamaza.

Sasa nitasema jambo ambalo mchungaji wetu halijui. Katika zile hatua arobaini niliacha kuwaogopa askari. Nilimwogopa mume wangu. Nilijiuliza: mtu anaweza kuitoa shingo yake kwa ajili ya vifaranga watatu? Hakuna mkaidi wa kiasi hicho. Nikakumbuka zile mara mbili alizokuja peke yake. Nikakumbuka binamu yake Kasonia, aliyepotelea upande wa Eringeti, na watu wakasema hakutekwa na waasi, alijiunga nao. Miaka zaidi ya thelathini nimelala na mtu huyu, nikaona simjui.

Nilifika. Nikafungua waya wa mlango. Nikainua upande wa kikwembe changu, kitambaa nilichojifunga, nikajifunika uso wote, nikavuta mlango.

Kitu kilinipiga kifuani. Kingine kikapita sikioni. Nilipiga yowe, na nyuma yangu nikasikia bunduki zikikokiwa, moja, mbili, zote. Sikuanguka kwa sababu mkono wangu mwingine ulikuwa umeingia ndani ya sanduku, na ndani yake kulikuwa na joto dogo linalodunda. Nikalishika. Nikautoa mkono polepole sana, nikaunyosha juu, bado nimefunika uso.

Kisha askari mmoja akasema kwa Kilingala, "*Ndeke.* Chef, *ndeke.*" Ndege.

Mwingine akaanza kucheka, luteni akamkatiza. Wakamfungua Éliakim. Hakuna aliyesema pole. Mkalimani akanirudishia daftari bila kunitazama.

Éliakim alikuwa na damu kwenye mdomo. Alipiga magoti, akatafuta wale wawili kwenye majani mpaka akawapata, akawarudisha ndani na yule wa mkononi mwangu, akaziba kitundu kwa kofia yake ili watulie kwanza. Waya wa mlango ukamshinda. Nikamfungia mimi.

Tulitembea mpaka tukakiacha kizuizi nyuma. Nilimsubiri anigombeze kwa kufungua siku ya kumi na nane; nilikuwa na jibu, na lilikuwa na pilipili.

"Ulifunika uso," akasema.

Nikaendelea kutembea.

"Mutu mwenye anajua ni ndege, anafunika uso juu ya nini?" Alisimama njiani. "Mama Christa. Uliogopa basoda, ao uliogopa miye?"

"Basoda," nikasema. Askari.

Nilijibu haraka mno. Na yeye ni mwalimu, anamjua mtoto anayejibu kabla swali halijaisha.