Breki za Gari la Masista

Teofili aliposema anaunda gari lake mwenyewe, la wazi, viti viwili, halina paa, kama yale anayoyaona kwenye simu, mama yake, Koleta, alicheka. Alipoona mabomba yamechomelewa na injini imekaa mahali pake, kicheko kikakatika. Kumbe litatembea kweli! Na kinachotembea lazima kisimame. Hilo hata aliyeishia darasa la saba analijua.

"Breki utatoa wapi, baba?"

"Nachomoa kwenye gari bovu, mama. Mpya bei haishikiki."

Wakatoka Nachingwea kwenda Ruangwa: Koleta, Teofili na mjomba mtu, Eusebio, mwenyekiti wa kigango. Mjomba lazima awepo. Kwao Wamwera mtoto ni wa mjomba. Baba mtu, Nicholaus, alibaki anapalilia mikorosho yake, maana hata angekuja, nani angemsikiliza?

Mikidadi, muuza vyuma chakavu, akawapeleka kwenye gari jeupe lililopondeka nyuma. Mbele lilikuwa zima. Akafungua tairi. Diski zinang'aa, pedi nene, mipira ya kupitisha mafuta ya breki bado laini.

"Mwenyewe alibadilisha zote muda mfupi kabla ya ajali," alisema. "Gusa, mama. Gusa, haing'ati."

Koleta akabinya mpira. Ukabonyea, ukarudi. Moyo ukatulia.

"Ajali gani?" Eusebio akauliza.

"Lori liliwaparamia kwa nyuma kule Mandawa, wamesimama zao pembeni. Wawili wakafariki, Mungu awarehemu."

Eusebio akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Teofili, toka hapo! Chuma kilichokunywa damu hakifungwi kwenye gari la mwanangu."

"Mzee, breki zina kosa gani? Si nimekwambia walikuwa wamesimama?"

"Wewe uza vyuma, mambo ya mikosi niachie mimi."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anazungumzia gari la zamani la masista, la aina ileile ya lile jeupe, lililotelekezwa nyuma ya jiko lao mpaka kuku wanatagia ndani. "Lile halijamgonga hata mbuzi. Limebeba wagonjwa, limembeba padri na sakramenti. Gari safi." Akaliomba, akapewa.

Teofili alipofungua tairi za gari hilo safi, ilibidi apige nyundo, kutu imeshika kila kitu. Koleta akachukua mpira mmoja akaukunja kidogo.

"Kaka, tazama. Umepasukapasuka kama kisigino changu cha kiangazi."

"Koleta, unataka mtoto aendeshwe na marehemu?"

Koleta akamgeukia mwanawe. Teofili akacheka. "Bi mkubwa, punguza presha. Nasugua, napaka grisi, zinakuwa freshi."

Mzazi unayesoma haya, hapo ndipo pa kupiga kelele mpaka majirani wajae uani. Koleta hakupiga. Aliona haya kumbishia kaka yake mbele ya mtoto, akaenda kuchochea moto.

Zilipofungwa kwenye gari jipya, uani breki zilishika. Watu wakapiga vigelegele, Eusebio akanyunyiza maji ya baraka kwenye kila tairi. Teofili akashika barabara ya Ruangwa, upepo usoni, vijana wanamfuata na bodaboda wakimpigia honi. Kwenye mteremko akakanyaga breki. Mpira ukapasuka, pedeli ikalala chini. Akavuta breki ya mkono, ikakwaruza tu. Gari likaingia kwenye ukingo wa kalavati, na bomba la mbele likamponda mguu.

Hospitali wakaukata chini ya goti.

Ndugu walipokusanyika kitandani, Eusebio akafuta jasho akasema, "Tumshukuru Mungu. Mnaona? Tungefunga zile za Ruangwa, leo tungekuwa tunachimba kaburi."

"Kweli kabisa," wakaitikia.

Koleta alikuwa ameshika bakuli la uji. Akaliweka chini.

"Kaka, zile za Ruangwa zingeshika. Mguu wa mwanangu umeukata wewe, na mimi nikiwa nakuangalia."

Eusebio alichukua kofia yake akatoka bila kuaga, na ndugu mmoja mmoja wakamfuata. Wa mwisho alikuwa dada yao, Rahel, aliyesimama mlangoni akasema, "Leo umetuvua nguo, Koleta."

Wakabaki wawili. Koleta akainama amlishe mwanawe.

"Mama, kwa nini umemdhalilisha mjomba mbele za watu?" Teofili akauliza. "Nikitaka kuoa, nani atasimama kwa ajili yangu?"

"Nitasimama mimi."

"Wewe?"

Teofili akageuzia uso ukutani. Koleta akaukoroga uji, ulikuwa umeanza kuganda juu, akakaa na kijiko mkononi akimsubiri ageuke.