Watu wa Alama Tatu

Chizuru Nagase alikuwa ameketi kwenye banda la kupakia mapeasi, kitabu cha mazoezi mapajani, birika la chai ya shayiri pembeni, na miguu ndani ya beseni la maji baridi, maana Juni ya huku kwetu Kurayoshi, Japani, haina huruma na mtu. Mumewe, Tetsuji, alikuwa juu ya ngazi akiyavisha mapeasi machanga mifuko ya karatasi, moja baada ya jingine, kama tunavyofanya sote huku mwaka nenda mwaka rudi ili wadudu wasianze kula kabla yetu.

"Mama!" Tetsuji aliita kutoka juu. Watoto wao walikwishahamia Osaka zamani, lakini wao wawili waliendelea kuitana Mama na Baba. "Una mgeni."

Mlangoni alisimama kijana aliyevaa suti nyeusi, tai imelegea, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliinama kwa adabu.

"Samahani kwa kukukatiza, Mwalimu. Mimi ni A. Mwanamume, miaka thelathini na mitatu, mfanyakazi wa kampuni. Sipati usingizi tangu nipandishwe cheo."

Chizuru akatazama kitabu. Swali alilokuwa amelijibu punde lilimhusu A, mwanamume, miaka thelathini na mitatu.

"Umenichagulia namba mbili," kijana akasema. "Jibu ni namba nne."

"Namba mbili inasema nikusikilize kwanza."

"Naijua, na ni nzuri sana. Lakini wanaotaka ni nne, unipeleke kwa daktari."

"Mm," akasema Chizuru, akafuta kwa kifutio. "Chai?"

"Nikipata nitashukuru."

Hapo niwaeleze, maana mimi jirani yao nimelijua jambo hili toka mwanzo. Chizuru alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari ya chini hapa kwetu kwa miaka ishirini. Mshauri wa Jumanne. Siku nyingine nne shule haina mshauri, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja, ukiisha anasainishwa mwingine, ukiisha mwingine. Baadaye serikali ikaanzisha leseni ya wanasaikolojia. Waliokuwa kazini tayari, bila digrii inayotakiwa, wakapewa miaka michache wafanye mtihani. Chizuru alikuwa amefeli mara mbili. Mtihani wa Julai hii ulikuwa wa mwisho kwa watu kama yeye, na ofisi ya elimu ilikuwa imeshamwambia, kwa upole na kwa kuinama, kwamba bila leseni Jumanne ile atapewa mtu mwingine.

Mwenyewe angeweza kuvumilia. Mapeasi yapo. Wasiwasi wake ulikuwa Honoka, binti wa miaka kumi na minne asiyeingia darasani kabisa. Siku nyingine zote Honoka hukaa nyumbani kwao na pazia limefungwa. Jumanne peke yake ndiyo huja, akakaa na Chizuru kwenye kile chumba kidogo kando ya chumba cha muuguzi, akazungumza. Mwanzoni hakuzungumza hata neno. Theluji ilianguka ikayeyuka, naye anatazama meza tu, na Chizuru anatazama meza pamoja naye. Sasa akianza kuongea humnyamazishi. Ukimletea mtu mgeni, mambo yanarudi kule kule kwenye meza.

Na sababu ya kufeli ilijulikana. Mtihani una maswali ya kukariri, ambayo kila moja ni alama moja, na maswali ya watu, ambayo kila moja ni alama tatu. Kila mtu kwenye maswali hayo anaitwa A. A ana shida hii na hii, mshauri afanye nini kwanza, chagua jibu moja kati ya matano. Chizuru kila mara huchagua lile ambalo yeye mwenyewe angelifanya. Yaani anakosea kwa moyo safi kabisa.

Keshoye akaja Bi A, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, anayemuuguza mama mkwe na kulia jikoni bila sababu. Huyu alikuja na aproni yake. Baada yake Mzee A, miaka sabini na minane, aliyetoka kununua tofu akapotea njia ya kurudi kwake. Wakavua viatu mlangoni, wakavipanga ncha zikitazama nje, wakaingia.

Bi A ndiye aliyekuwa mkali.

"Mwalimu! Namba mbili tena?"

"Lakini unalia, Bi A."

"Nimelia kwenye kitabu hiki chapa ya kwanza hadi ya nne, sijafa. Hapo kuna neno 'kwanza'. Ukiona 'kwanza', tafuta usalama. Mimi nimesema nini mstari wa tano?"

Chizuru akasoma. "Umesema unatamani kulala usiamke."

"Enhe! Na wewe unaniuliza habari za utoto wangu. Utoto gani? Niulize kama nina mpango wa kujiua!"

"Una mpango?"

"Sina. Lakini ilikuwa uulize."

Tetsuji alicheka mpaka ngazi ikayumba.

Mtaani hakuna aliyeshangaa. Malalamiko yalikuwa ya baiskeli tu, maana Bwana A, yule kijana wa suti, aliazima ya Tetsuji akawa anaiegesha kwenye njia ya watu. Bi Okimoto, mwenyekiti wa mtaa, alikuja na karatasi yake mkononi.

"Bi Nagase, hawa wageni wako wanakula?"

"Wanakula. Huyu Mzee A usimwone alivyo mwembamba."

"Basi kama wanakula wanatoa taka. Na kama wanatoa taka watashika zamu." Akawaandika wote watatu zamu ya kukunja wavu unaofunika taka kuzuia kunguru, na mahali pa jina akaandika A, A, A. Bwana A aliukunja wavu ule kwa mistari iliyonyooka, wote tukaona aibu kwa ukunjaji wetu.

Siku moja wakiwa wanakula somen, zile tambi nyembamba za baridi, barazani, Chizuru aliuliza swali lililokuwa likimkera.

"Bwana A, ukishachaguliwa namba nne, ukipelekwa kwa huyo daktari, anakwambia nini?"

Kijana alitua vijiti. "Sijui. Ukurasa unaishia hapo."

"Unaishiaje?"

"Kuna alama ya kuuliza. Halafu anaanza A mwingine."

Bi A akaitikia kwa kichwa. Mzee A naye akasema yeye siku zote yuko njiani na tofu yake, na watu kwa maelfu wamempatia jibu sahihi, na nyumbani hajafika.

Chizuru aliwatazama. Nilikuwa nimepeleka matango, kwa hiyo nilimwona kwa macho yangu, na alikuwa na hasira, yeye ambaye hata nyoka akiingia ghalani humsemesha kwa heshima. Akasema, "Haya. Asubuhi tutajibu wanavyotaka wao. Mchana tutafanya ninavyojua mimi."

Ikawa hivyo. Asubuhi ni nne, tatu, nne, tano, na Bi A anapiga meza kwa mwiko. Mchana kitabu kinafungwa, Chizuru anakaa na mmoja wao chini ya mipeasi, na anayesema anasema mpaka amalize. Juma la pili Bwana A alilala usingizi juu ya masanduku ya kupakia, mchana kweupe, mdomo wazi, tukapita kwa kunyata. Bi A alianza kuimba akiosha vyombo, na sauti yake, jamani, ilikuwa mbaya, lakini nani angemkataza. Mzee A alipewa chumba cha nyuma. Kila jioni Tetsuji alimtuma tofu kwa makusudi, na kila jioni alirudi, akasimama mlangoni na kutangaza, "Nimefika nyumbani!" Na sisi nyumba ya pili tuliitikia, "Karibu nyumbani!" hata kama tulikuwa bafuni. Kwenye kuvisha mifuko hakuwa na faida sana, kwa sababu alisahau mti alioumaliza akauvisha tena. Kuna mapeasi mwaka ule yaliyovaa nguo mbili.

Julai wakamsindikiza Chizuru stesheni. Kwenye treni hawakupanda. Bi A alisema ingekuwa wizi wa mtihani.

Ukumbi ulikuwa wa baridi na watu walikuwa wengi. Chizuru alijibu ya kukariri kama alivyoweza. Ya watu aliyajibu kwa haraka, akimwomba kila A radhi kimoyomoyo kabla ya kumchagulia namba sahihi. Karibu na mwisho akafika kwenye swali hili:

A, mwanamke, miaka hamsini na miwili, ni mshauri katika shule ya sekondari ya chini. Ameajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja na huenda shuleni siku moja kwa wiki. Wanafunzi wanaomsubiri ni wengi kuliko muda alio nao. Siku hizi huamka alfajiri akiwa amechoka na hofu imemjaa. Je, A afanye nini kwanza?

Majibu yalikuwa matano. Afanye kazi zaidi bila malipo. Awapunguze wanafunzi. Atambue uchovu wake na kujitunza vya kutosha. Asimwambie mtu. Atafute kazi nyingine. Aliyasoma yote, akageuza karatasi kutazama nyuma kama kuna la sita. Hapakuwa na la sita. La kumwongezea siku halikuwepo, la mkataba halikuwepo. Chizuru akacheka kwa sauti, msimamizi akamgeukia, naye akainamisha kichwa kuomba radhi. Kisha akapaka risasi ya penseli kwenye namba tatu, taratibu, bila kutoka nje ya duara, kwa sababu namba tatu ndilo jibu.

Aliporudi nyumbani alimkuta mwanamke amelala barazani mbele ya feni, na kando yake sahani ya maganda ya tikitimaji. Alikuwa na uso wa Chizuru mwenyewe, mvi zake, na kovu lake la kidole alilolipata kwa mkasi wa matawi.

"Nilidhani ni wewe umewahi kurudi," Tetsuji alisema. "Nikamuuliza mtihani ulikuwaje, akasema hajui, yeye alikuwa ndani yake."

"Amekula?"

"Nusu tikitimaji. Ana uchovu huyo, Mama. Hata wewe sijawahi kukuona umechoka hivyo."

"Umeniona," akasema Chizuru. "Ulikuwa hujakaa ukatazama." Akamfunika tumbo kwa taulo ili feni isimpe mafua. Tetsuji alikaa palepale barazani akawatazama wote wawili, mpaka chakula kikapoa.

A huyu wa hamsini na mbili alilala hadi sikukuu ya wafu ya katikati ya Agosti, akaamka akacheza ngoma ya mtaa pamoja nasi, akarudi kulala.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Agosti, tukiwa tunachuma. Bi A ndiye aliyeshika simu kwa sababu mikono ya Chizuru ilikuwa imejaa mapeasi. Alishuka na orodha ya namba za waliofaulu kwa kidole, polepole mno, makusudi, mpaka Tetsuji akamwambia, "Wee mama, utatuua!"

"Ipo," akasema Bi A. "Umepita kwa alama tatu."

Jamani, kelele zile! Bwana A alimwaga sanduku zima la mapeasi. Wakamkamata Chizuru, wakamrusha juu, wakamdaka, wakamrusha tena, naye anapiga mayowe kwamba mgongo wake si wa mchezo. Bi Okimoto alikuja kuuliza kuna nini, alipoambiwa akavua viatu, akajiunga. Mzee A alilia kwa furaha, akauliza tunafurahia nini, akaambiwa, akalia upya. Tulikula mapeasi hadi usiku ukatukuta na juisi mpaka viwikoni.

Aprili ofisi ya elimu ilimpongeza Chizuru kwa kuinama zaidi ya kawaida, ikampa mkataba. Mwaka mmoja. Siku ya Jumanne. Malipo kwa saa, yale yale. Akagonga muhuri wake mahali pa sahihi.

Juma hilo hilo mwenzake, yule A wa hamsini na mbili, aliamka akiwa hana uchovu tena. Akapiga mswaki, akavaa koti la pili la Chizuru, akasema yeye ataenda Alhamisi. Mwalimu mkuu alimkuta kwenye korido, akamsalimu, akamuuliza kama atahitaji nafasi ya kuegesha gari. Alipoambiwa anakuja kwa baiskeli, akashukuru sana. Habari za malipo hakuuliza, na kwenye vitabu vya ofisi Chizuru Nagase akaendelea kuwa mtu mmoja.

Honoka sasa anakuja Jumanne na Alhamisi. Alhamisi moja hata alipita darasani, akachungulia mlangoni, akasema kunanuka chaki.

"Yule wa Alhamisi anacheka kuliko wewe," alimwambia Chizuru.

"Amelala vizuri."

Honoka akafikiri. "Na Jumatatu?"

"Jumatatu hakuna mtu."

"Jumatano? Ijumaa?"

"Hakuna."

"Kwani kwenye mtihani walikuandika mara moja tu?"

"Mara moja tu."

"Wachoyo," akasema Honoka, akafungua chakula chake.