Mstari Uliopita kwa Mama

Mtaa mzima ulijua kwamba chini yake kuna machimbo ya makaa ya mawe yaliyoachwa zamani; lililokuwa halijulikani ni nyumba ya nani imekaa juu ya tundu. Kazi ya kutafuta ilimwangukia mpimaji ambaye mama yake alimwita Fuko, kwa kuwa tangu utotoni alipenda kufukua uwanja kuliko kuufagia.

Fuko alipigilia vijiti vya chuma kwa mstari, akaviunganisha kwa waya na kupitisha umeme kidogo ardhini. Penye tundu tupu umeme hukwama, na kwenye kompyuta hutokea doa jekundu. Nyumba ya fundi cherehani ilitoa doa. Fuko akamwambia bila kupepesa macho kwamba ahame, na fundi wa watu akafunga virago huku analia, akapelekwa kwenye nyumba mpya za kilimani.

Kisha mstari ukapita kwa mama, katikati ya matuta ya mchicha. Mama alinung'unikia kila kijiti utadhani kimechomwa mguuni mwake. Doa likatokea chini ya chumba cha kulala, jekundu kama pilipili.

Fuko akasema udongo mkavu, vijiti havijashika. Akavimwagia maji ya chumvi, akapima tena. Doa lile lile. Akalaumu waya, akaubadilisha. Akahamishia mstari upande wa pili wa nyumba, na doa likamfuata. Akaanza kugonga vijiti upya, machozi yakimlengalenga, maana ndimo alimozaliwa, na ndimo baba yake alimofia.

Mama alikuwa ameketi kizingitini, akichambua mchicha uliosalimika.

"Mwanangu, kwa fundi ulipima mara ngapi?"

Fuko akaitazama nyundo. "Mara moja, mama."

"Ehee. Mkuki kwa nguruwe."

Hakumalizia. Akajikung'uta, akaingia ndani. Fuko, aliyeujua ubishi wa mama yake, akangoja kusikia komeo la mlango. Badala yake mama alitoka kinyumenyume, akiburuta godoro.

"Acha hivyo vyuma, shika upande huo," alisema. "Sasa mimi na fundi tutakuwa majirani. Ukija kunitazama, pitia kwake kwanza."