Bakuli la Mama Salu

Miaka ya uhaba tulichuja majivu tukayaita chumvi. Biashara zilipofunguliwa, duka la Athumani hapa Dutwa lilijaa chumvi mpaka barazani, na mume wangu Ngeleja akaanza kuila kama mtu anayelipiza kisasi. Kabla hajaonja mboga, mkono uko kwenye kikopo cha chumvi.

Kisha daktari kule Bariadi akampima presha, akamwambia apunguze chumvi la sivyo atapooza. Ngeleja aliitikia vizuri sana. Kaka yake, Limbu, amepooza upande wote wa kulia tangu msimu wa pamba uliopita, na mkewe humlisha kwa kijiko. Tuliporudi nyumbani nikakificha kikopo.

Haikusaidia. Kwetu wanaume wa nyumba jirani hula pamoja uwanjani, kila mke akileta bakuli lake. Nsansa yangu, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, niliipika kwa karanga na nyanya, chumvi kidogo tu. Waliionja wakaiacha. Ngeleja mwenyewe alichovya kwenye bakuli la Felisita, mke wa jirani yetu Machibya, ambaye kwenye chumvi hana ubahili. Bakuli langu likawa linarudi limejaa, na huku mke anayerudishiwa bakuli hujadiliwa kisimani. Mama mkwe akaniuliza kwa upole kama nimesahau kupika.

"Sijasahau, mayu," nikamjibu.

Jioni moja nilipeleka bakuli, sikuondoka. Nikamwona Ngeleja analisogelea la Felisita.

"Baba Salu, wewe kula tu," nikasema. "Ila ukianguka kama Limbu, mimi sitakulisha. Atakulisha Felisita. Na kukuogesha."

Mwanamke hasemi hivyo mbele ya wanaume wanaokula. Nilijua. Lakini nilikuwa naogopa, na woga wangu hutoka kwa ukali.

Machibya alifikiri kidogo, akalivuta bakuli la mkewe, akalipakata.

"Mama Salu," Ngeleja akasema, "unaniaibisha."

"Ndiyo."

Akalivuta bakuli langu. Akachovya, akameza.

"Haina ladha."

"Najua."

Akamega tonge jingine. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye bakuli ukarudi mdomoni, ukaenda ukarudi, bila kutetemeka, nami nikasimama palepale nikiutazama mpaka nsansa ikaisha.