Matanga ya Mkuu wa Jimbo

Siku ya tatu tangu mama yake afariki, Ge Shou alikuwa bado amefunga muhuri wa jimbo kiunoni, na bakuli la supu lilikuwa bado likipelekwa chumbani kwa marehemu ili watumishi wasijue.

"Tufiche mpaka mavuno," alisema Fei Lang, msaidizi wake. "Ukiuvua muhuri ukakae kaburini miezi ishirini na saba, adui yetu Jemadari Mo atavuka mto kabla uji wako wa matanga haujapoa."

Ge Shou aliijua kuliko wote desturi ya mtoto kuacha cheo na kuomboleza kando ya kaburi la mzazi. Alipofiwa na baba, alikuwa karani wa ghala la nafaka. Alikaa kibandani kando ya kaburi, akila uji mwepesi, mpaka akabaki mifupa. Sifa zake zilifika ikulu, akapewa cheo. Serikali ilipodhoofika kwa vita, cheo kile kikampatia ngome na askari elfu mbili.

Dada yake, Wan, aliingia na bakuli lile, mafuta yameganda juu.

"Shou, nimekunywa nusu mimi mwenyewe, mpishi asishtuke. Mpaka lini nitakula chakula cha maiti?"

"Dada, mna watu elfu kumi ndani ya ukuta huu. Nani atawalinda?"

"Unawaogopea wao, au hicho kilichoko kiunoni?"

Fei Lang akakohoa. "Dada mkubwa, haya ni mambo ya utawala."

"Nyamaza wewe! Viatu ulivyovaa kashona mama."

Ge Shou akacheka, kisha akautazama muhuri. Kwa siku tatu alikuwa amewawaza watu mara moja tu. Muhuri, muda wote. Akaufungua utepe wa buluu ulioushika, akamkabidhi Fei Lang muhuri, akavaa vazi la matanga la katani isiyopindwa kingo.

Siku ya tisa kibandani, alisikia ngoma za Mo zikivuka mto. Alisimama. Angekwenda, askari wangemfuata. Alitega sikio asikie mayowe. Hayakuja.

Mchana Wan alimletea uji.

"Fei Lang amemfungulia Mo lango. Hakuna aliyeumia. Hata soko halikufungwa."

"Waliniulizia?"

Wan akaukoroga uji. "Muuza vitunguu aliuliza kama mama alizikwa vizuri."

Ge Shou akamsogezea mkeka.

"Kaa, dada. Niambie alivyokuwa miaka ile niliyokuwa vitani. Mimi sikuwahi kuuliza."