Vidole Vilivyotulia

Mkahawa ulikuwa umefurika, kwa hiyo mama mmoja aliomba kuketi mezani kwa Waifong na baba yake mgane, Mzee Kwok. Jumapili ndivyo watu wanavyobanana. Lakini mbona leo mzee kavaa shati jipya?

"Unamjua huyu?" Waifong alinong'ona.

"Nitamjulia wapi? Kula, mwanangu, maandazi ya nyama yanapoa."

Mzee akawamiminia wote chai. Waifong akagonga meza kwa vidole viwili kushukuru, kama afanyavyo kila anayemiminiwa. Yule mama akainua kikombe, akanywa zake, wala kidole hakukisogeza.

Mtu pekee aliyewahi kunywa chai ya Mzee Kwok bila kugonga alikuwa marehemu mkewe.

Waifong akaweka vijiti vya kulia chini. "Baba, tangu lini?"